Kisanduku Kinachomeza Maji

Machi 2

Mvua imeanza leo, na umeme, kama kawaida yake, ukaikimbia. Nimeshona gauni moja na mkono mmoja wa gauni la pili. Mkono uliobaki utangoja.

Baba mkwe yuko kwetu karibu mwezi sasa na begi lake bado limefungwa. Limesimama nyuma ya mlango wa chumba chake kama abiria anayesubiri basi. Anatoa shati, analivaa, namfulia, analikunja vizuri, analirudisha begini. Kabati ambalo nimetoa nguo zangu zote kwa ajili yake, hata kulichungulia hajalichungulia.

Ni mzee aliyepika jikoni mwa hospitali maisha yake yote ya kazi. Mwaka jana aliteleza bafuni kwake, akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni, na alimbembeleza sana baba yake ahamie hapa. Mzee akakubali kwa sharti moja: tangi lake la samaki lije naye. "Samaki wakifukuzwa, na mimi nimefukuzwa," alisema mbele ya watu. Mume wangu akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka, maana nilimwona macho.

Basi tangi liko sebuleni, limetazamana na cherehani yangu, refu kuliko meza yangu ya kukatia. Ndani kuna samaki mkubwa mwekundu ambaye Baba anamwita Meneja, kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila kuzungukia wenzake. Siku nzima ananikodolea macho nikishona. Simpendi.

Machi 5

Siku mbaya. Kila wiki Baba hubadilisha maji ya tangi kwa ndoo, na mikono yake si ile ya zamani. Leo ndoo imemponyoka. Nilipiga deki mbio kama mwendawazimu, lakini maji hayangoji mtu.

Chini yetu anaishi mwenye nyumba mwenyewe. Mimi humwita Bi Dari, kwa siri, kwa kuwa tukikutana ngazini hata kabla hujamwamkia ameshaanza habari za dari lake. Alipanda akiwa bado na kanga ya kichwani imelowa upande mmoja.

"Shikamoo Mzee," akamwambia Baba kwa adabu zote. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, mke wa dereva. Njoo uone."

Nikashuka. Doa la ukubwa wa sahani, palepale juu ya kochi lake.

"Tone moja tena," akasema, "tangi linatoka. Mimi si mtu wa kurudia maneno."

Machi 6

Baba ameniuliza stendi ya mabasi iko upande gani. "Nauliza tu, mkamwana," akasema. Loh! Watu hawaulizi tu.

Machi 8

Tumekwenda kwa muuza samaki wa mapambo, mimi na Baba, mwavuli mmoja. Sijawahi kutembea karibu naye hivyo. Muda wote aliuelekeza mwavuli upande wangu mpaka bega lake likalowa chepechepe, na nilipomwambia akakana kabisa.

Muuza samaki ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alisikiliza kesi yetu, akasema, "Adui yenu ni ndoo. Acheni kubeba maji, yaacheni yatembee yenyewe."

Akatuonyesha tangi lake. Ndani, juu pembeni, kumening'inia kisanduku chembamba chenye meno kama kitana. Maji yakifika kwenye meno yanamwagikia kisandukuni, yanavuka ukingo wa tangi kwa bomba lililopinda kama mpini wa mwavuli, yanaingia kisanduku cha pili kilichoning'inia nje, kisha yanateremka mpaka kwenye tangi dogo lililofichwa kabatini chini. Huko yanachujwa, na pampu inayarudisha juu. Siku ya kubadilisha maji unafungua kabati tu, pampu inayasukuma kwa mpira mpaka bafuni.

"Na umeme ukikatika?" nikauliza. Msimu huu ndilo swali la kila kitu.

"Pampu inasimama. Maji ya juu yanashuka mpaka usawa wa meno, yanakoma hapo. Umeme ukirudi, safari inaendelea. Chini acheni nafasi ya kupokea hayo yanayoshuka. Na kanuni kubwa, dada, kisanduku kiweze kumeza maji mengi kuliko pampu inavyoleta."

Baba akauliza, "Pampu kubwa kuliko zote mnayo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Machi 9

Jumapili, hakuna wateja. Nimetoa futi yangu ya kushonea na kulipima tangi. Muuza samaki alisema maji yote yapite kwenye chujio kama mara nne kwa saa. Tangi linachukua lita mia mbili hamsini na kidogo, kwa hiyo pampu ilete lita elfu moja. Kwa maji hayo, mstari wa meno usipungue shibiri moja, na bomba la kushukia liwe la inchi moja. Nimeandika shibiri na nusu. Sijawahi kukata nguo bila kuacha nafasi ya mshono na sitaanza kwa samaki.

Nikakata kielelezo cha karatasi ngumu, nikakibana kwa pini, nikakijaribisha ukingoni. Hakikukaa! Nilipima kioo nikasahau fremu ya plastiki inayokizunguka. Nikafumua, nikapima upya. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mkamwana," akasema, "unawashonea sare?"

Huo ni utani wake wa kwanza tangu aje. Nilichelewa kuucheka kwa mshangao.

Machi 13

Fundi vioo amekata plastiki ngumu kwa kufuata karatasi yangu. Alisema hajawahi kuletewa kazi ikiwa na pini. Meno tumeyachonga kwa msumeno mdogo, Baba akayasugua kwa msasa jioni nzima, moja moja, akiimba kitu kisicho na maneno.

Machi 14

Gundi inakauka. Nyumba inanuka. Mteja ameuliza kama siku hizi napaka na kucha.

Machi 16

Mungu wangu, leo tumeponea chupuchupu.

Kila kitu kilikuwa tayari: kisanduku juu, tangi dogo chini, mabomba yamebana. Baba akatoa pampu aliyoinunua peke yake jana nikiwa sokoni kutafuta zipu. Ni dude hasa. Nikamwambia hiyo ni mara tatu ya tuliyoagizwa. Akasema, "Si itafanya kazi haraka zaidi?" Akachomeka.

Maji yalipanda kwa fujo. Kisanduku kikajitahidi maskini, kikameza na kumeza, lakini wapi! Meno yakazama yote. Maji yakaanza kukaribia ukingo.

"Baba, zima!"

"Ngoja kwanza ichangamke!"

"Imechangamka, Baba! Zima!"

Alichomoa waya maji yakiwa yamebakiza unene wa sarafu. Meneja alikuwa amesukumwa pembeni, uso wote umebandikwa kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Baba akakaa kwenye kigoda changu. "Mkamwana, mimi nimepikia watu mia tatu kwa siku. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba chakula kimebaki."

"Baba, hiki kikibaki kinabakia kwenye kochi la Bi Dari."

"Bi nani?"

Ikabidi nimweleze jina. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Nami nikacheka kwa kumwona yeye. Tulikuwa kama watu wawili waliofiwa na akili.

Machi 17

Pampu imebadilishwa. Kuliamsha lile bomba lililopinda ni lazima hewa yote ivutwe kwa kimpira, na aliyevuta ni mimi. Maji ya Meneja nimeyaonja, sitaki kuyasimulia. Lakini yalipoanza kuvuka yenyewe juu ya ukingo na kuteremka, nilipiga kigelegele. Bomba la kurudisha maji nimelitoboa kwa sindano nene ya moto, chini kidogo ya uso wa maji, ili umeme ukikatika livute hewa na lisinyonye tangi lote kurudi chini.

Jambo moja tu tumebishana. Baba alitaka kisanduku kikae juu kabisa, tangi lijae pomoni, libakize kidole kimoja. "Sufuria isiyojaa inamtia mpishi aibu," akasema. Nikamwachia. Siku ilikuwa nzuri, nani anataka kubishana na mkwe?

Umeme ulikatika alasiri ukarudi magharibi. Maji yakasimama, yakaendelea, kama alivyoahidi muuza samaki. Baba aliangalia yote hayo akiwa kwenye kiti, kama mtu aliyepo kwenye mchezo wa fainali.

Machi 20

Kelele! Bomba la kushukia linafyonza hewa na maji pamoja, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Mteja wangu wa leo, mwalimu, mtu wa heshima, alikuwa anavuliwa pini mgongoni, bomba likatoa sauti nisiyoweza kuiandika. Akanitazama. Nikamwambia, "Ni samaki." Nadhani hakuamini.

Baba ameweka kifuniko juu ya bomba na kukitoboa kitundu kidogo cha hewa. Alipanua kitundu kidogo kidogo, akisikiliza, kama anayeonja chumvi. Sasa ni kimya.

Machi 24

Visamaki vidogo vitatu vimepita kati ya meno, vikateleza mpaka tangi la chini. Tumevikuta vizima, vinaogelea kana kwamba vimepanga chumba kipya, lakini Baba alikosa raha. Basi nimekitengenezea kisanduku sketi: kipande cha pazia la wavu, nimekitia mpira kiunoni, kikakaa sawasawa juu ya meno. Hata ukingo nimeupiga nakshi.

"Aisee," akasema Baba. Akakizunguka. "Una mikono, mkamwana. Una mikono kwelikweli."

Mume wangu hajawahi kuniambia hivyo, na ndiye aliyenioa.

Machi 27

Mvua. Zipu tano. Meneja na mimi siku hizi tunasalimiana.

Aprili 2

Ni vibaya, acha niandike yote.

Alasiri nilikuwa nampima mteja gauni, pini mdomoni, nimepiga magoti. Baba alikuwa amelala kidogo. Nikahisi ubaridi kwenye goti. Nikadhani ni jasho, sijui kwa nini mtu awe na jasho la baridi gotini. Nikageuka. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo cha tangi, taratibu, bila sauti, yameshapita chini ya cherehani.

Nikatema pini, nikachomoa waya. Ile sketi yangu ya nakshi ilikuwa imeziba yote. Utelezi wa kijani, mabaki ya chakula, jani moja la mmea limejibandika kama kiraka. Kisanduku kilikuwa na njaa, maji hayaingii, na pampu chini inasukuma tu. Mteja wangu, Mungu ambariki, alishika tambara akafuta nami, gauni likiwa na mkono mmoja.

Halafu tukasikia kelele za chini.

Bi Dari alipanda ameshika sufuria mikono miwili. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai. Akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mtu.

"Hizi ni mali zenu," akasema. "Nimewarudishia."

Baba alikuwa ameshatoka chumbani, peku. "Ni mimi, Mama," akasema. "Nimewalisha samaki kupita kiasi, uchafu ukaziba. Huyu mtoto hana kosa."

"Si kweli," nikasema. "Wavu ni wangu. Nimeushona mimi, nimeuweka mimi."

Bi Dari akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mnagombania lawama? Gawaneni. Mimi mwisho wa mwezi sitaki kuliona tangi." Akachukua sufuria yake, akamwaga maji kwenye sinki letu, akashuka.

Baba akageuka. Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Mimi ni mshonaji, zipu naijua inapofunguliwa na inapofungwa. Ilifungwa.

Nililia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikie. Sikulilia tangi. Nilikuwa nawaza bafu lile la kwake, na sakafu, na jirani anayesikia siku akisikia.

Aprili 3

Nimempigia simu mume wangu, yuko njiani mbali huko. "Jamani, si samaki tu hao?" akasema.

"Kama ni samaki tu, njoo umwambie baba yako wewe."

Akauliza, "Begi limefunguliwa?"

"Bado."

"Basi fanya kitu," akasema. "Tafadhali. Wewe ndiye unayemweza." Tangu lini namweza? Lakini niliifikiria hiyo kauli mchana kutwa.

Nikavuta kigoda mbele ya tangi. Nilikuwa nimejali meno, mabomba, pampu, kila kitu isipokuwa swali moja: kisanduku kikiziba kabisa, Mungu apishie mbali, ni maji kiasi gani yanaweza kupanda? Nikafungua kabati. Tangi la chini limegawanywa kwa kipande cha kioo, na pampu imekaa kwenye chumba chake kidogo. Haiwezi kusukuma zaidi ya kilichomo chumbani mwake. Nikakiteka chote: ndoo ndogo mbili.

Ndoo ndogo mbili! Juu tuliacha nafasi ya kidole kimoja tu. Nilipima kwa futi. Ndoo mbili zinahitaji vidole viwili na ushee. Kisanduku kikishuka vidole vitatu, hata kizibe kama kimemwagiwa zege, maji yanaishia ndani ya kioo.

Nguo nzima ilikuwa sawa, nafasi ya mshono ndiyo sikuacha.

Aprili 4

Nimemweleza Baba. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, begi miguuni.

"Kwa hiyo tangi lisijae," akasema.

"Lisijae, Baba. Lipungue vidole vitatu."

"Wageni watasema mzee amefilisika hata maji."

"Baba, mtu akija kushona nguo inayombana, mimi ndani namwachia kitambaa cha akiba. Hakionekani. Siku akinenepa, kinamsitiri. Nataka tumwachie Bi Dari akiba."

Nilidhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Jikoni nilijaza sufuria kwa sababu niliogopa mtu wa mwisho kwenye foleni atakosa. Basi. Sababu yenyewe ndiyo hiyo." Akasimama, akakunja mikono ya shati. "Shusha. Mimi nitashika bomba."

Sketi nimeitupa. Badala yake tumeongeza meno membamba kati ya yale mapana. Kisamaki hakipiti, maji yanapita, na uchafu unafutika kwa kidole.

Aprili 6

Nilishuka kwa Bi Dari. Nikamwambia, tupe jaribio moja. Tutakiziba kisanduku kwa makusudi. Likidondoka tone, tangi linatoka leo hii, halingoji mwisho wa mwezi.

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kukopesha meno. "Mtaziba wenyewe? Juu ya kichwa changu?"

"Wewe utakaa chini uangalie."

Akawaza. Akachukua fagio, akaketi kwenye kochi lake chini ya doa, uso juu. "Sikieni basi. Pakiwa pakavu, nitagonga mara moja. Nikiona hata jasho la tone, nitagonga mpaka fagio livunjike."

Juu, Baba alikuwa amesimama na fimbo yake ya kutembelea. Nikachukua tambara zima, nikalishindilia mdomoni mwa kisanduku. Pampu ikaendelea kusukuma. Maji yakapanda, yakameza meno, yakapita pale tulipokuwa tumeweka alama kwa chaki ya nguo. Yakapanda tena. Baba alikuwa anasema kitu chini kwa chini. Mimi mikono yangu ilikuwa kwenye kioo, kana kwamba ningeweza kuyashika.

Pampu ikaanza kukoroma. Chumba chake kimekauka. Nikachomoa waya. Maji yakatulia, nafasi ikabaki chini ya kidole, lakini ikabaki. Meneja akapita pale juu, polepole, kuikagua.

Kimya. Baba ananitazama, namtazama. Chini hakuna sauti. Nilianza kuona pengine kuna ufa nisioujua.

Tok.

Mara moja.

Tukangoja nyingine. Haikuja. Baba akainua fimbo na kujibu sakafuni, tok, kisha akageukia dirishani akijifanya anaangalia mvua.

Baadaye Bi Dari alipanda, akasema yuko njiani tu kwenda kuanua nguo, ingawa mvua inanyesha na hakuna aliyeanika. Akaketi mbele ya tangi. Akauliza yule mnene mwekundu anaitwa nani. Baba akamwambia. "Anafanana na marehemu mume wangu," akasema, "tumbo hilohilo." Alikaa mpaka chai ikaisha. Akiwa mlangoni akasema, "Doa mtalipaka rangi nyeupe, si krimu." Hakutaja mwisho wa mwezi.

Aprili 11

Tumepaka doa. Nyeupe.

Aprili 19

Mvua zinaanza kuchoka. Leo umeme umekatika katikati ya mshono. Maji yakashuka mpaka usawa wa meno, yakatulia. Nyumba yote kimya. Kisha kutoka chini, bila mtu kuuliza: tok.

Baba hata hakuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa anauchambua. Alinyoosha mguu, akagonga kwa kisigino.

Umeme uliporudi nikataka kufuta meno ya kisanduku. Nikauliza kitambaa kiko wapi.

"Kwenye begi," akasema.

Nikaenda nyuma ya mlango wa chumba chake. Begi halipo. Nikapaza sauti. "Baba! Begi liko wapi?"

"Si liko kabatini, chini ya tangi. Unapiga kelele za nini?"

Nikafungua kabati. Begi limeketi kando ya tangi la chini, zipu wazi, limejaa nyavu, mpira, kopo la chakula cha samaki, gundi iliyobaki na lile dude la pampu alilokataa kulirudisha dukani. Nikarudi chumbani kwake, nikafungua kabati la nguo. Mashati yote yametundikwa, yamepangwa, kola zote zimetazama upande mmoja.

Nilipotoka alikuwa bado na mchele wake. "Hanga ni chache, mkamwana," akasema. "Suruali mbili zimekosa nafasi."

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua cherehani, nakwenda kununua hanga.